Mawe Yasiyo na Geti

"Hifadhi gani, kaka?"

Kijana wa bodaboda aliuliza mguu mmoja ukiwa chini, mwingine ukichezea gia. Nikamweleza tena: ile sehemu ya mawe makubwa, ya rangi rangi, ambako watu huenda kupiga picha. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akacheka kama mtu aliyeulizwa bahari iko wapi ilhali maji yamemfika kiunoni.

"Umeshafika. Hilo ulilolikanyaga ni nini?"

Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya mwamba, mgongo mpana wa jiwe uliojitokeza kando ya njia, nusu yake umeanikwa uwele, nusu nyingine sare za shule. Nyuma yake palikuwa na nyumba ya bati, na nyuma ya nyumba jabali lenye ukubwa wa Hiace lililoegemea jabali jingine kama wazee wawili waliotoka kwenye kikao kirefu. Aliyejenga ukuta wa uani alifika kwenye jabali akaacha kujenga. Kuanzia hapo jiwe likaendelea na kazi ya ukuta.

Hivyo ndivyo nilivyoingia: bila geti, bila kiingilio, bila kuandikwa jina kwenye daftari.

Chokochoko ilianzia Marekani. Binamu yangu anaishi Las Vegas, na siku moja alinitumia picha za Valley of Fire, hifadhi ya jimbo la Nevada iliyo mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka kwake. Miamba myekundu kama matofali yanayotoka tanuruni, mingine imepigwa michirizi ya njano na zambarau. Ni mchanga wa jangwa la kale ulioshikamana ukawa jiwe, na wekundu wake ni kutu ya chuma. Chini ya picha aliandika: "Kwenu huko mna kitu kama hiki?" Kilichoniuma ni hilo "kwenu". Mtu amezaliwa Dodoma, kasomea Dodoma, kaondoka juzi tu, tayari kwetu pamekuwa kwenu.

Nilitaka kumjibu kwa picha, nikakuta sina. Nimepita Singida mara nyingi nikielekea Mwanza, lakini abiria wa basi la Mwanza anaijua Singida kwa dirisha lake tu: kuku wa kukaanga anayepandishwa juu kwa mkono, chupa za mafuta ya alizeti, asali, vitunguu ndani ya neti nyekundu. Mawe yanapita huku yeye akihesabu chenji. Nikakumbuka, kwa mbali, kuwa niliwahi kuamka kwenye kiti nikaona jiwe limepanda juu ya jiwe, nikadhani bado naota. Basi mwishoni mwa Juni nikakata tiketi ya kuishia Singida. Kondakta aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Niseme mapema kwamba jangwa sikulikuta. Singida ni nchi ya ukame, nusu jangwa kama wasemavyo watu wa kilimo: mvua ya milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili, na baada ya hapo mbingu hufungwa, unabaki upepo. Upepo wa Singida ni habari nyingine kabisa. Kwa miaka mingi imezungumzwa miradi ya kufua umeme kwa upepo huo, na mtu akishasimama saa moja juu ya mwamba asubuhi ya Juni haitaji kuelezwa kwa nini. Nilikuwa nimebeba fulana mbili na kofia ya jua. Kofia ilikaa kichwani dakika nne.

Kutoka Dodoma ni kilomita kama 240. Bahi ni tambarare, mashamba ya mpunga yaliyokauka. Baada ya Kintinku barabara inaanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa, injini inabadili sauti, na ukigeuka nyuma unaliona bonde lote limelala chini kama mkeka ambao haujakunjwa. Juu ni Manyoni. Basi lilisimama hapo dakika kumi kwa ajili ya chai na haja, na mimi nikasimama nikitazama magharibi, upande wa Itigi, kwa sababu huko ndiko lilikokuwa jangwa la hofu, hata kama halikuwa jangwa la mchanga.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ikishavuka Ugogo, iliingia katika nyika iliyoitwa Mgunda Mkali. Vichaka vizito, maji haba, siku kadhaa za kutembea bila kijiji cha kununua chakula. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Wageni hao wameandika vitabu, lakini majina ya vituo waliyachukua midomoni mwa wapagazi, na ukiyasoma unaona wazi watu wale walikuwa wanatazama nini: Jiwe la Mkoa. Jiweni. Mgongo wa Tembo. (Jiwe la Mkoa! Leo mtu angedhani ni mali ya serikali, limepigwa chapa na namba ya usajili.) Katika vichaka ambavyo huoni mbele hatua ishirini, mwamba uliotokeza juu ya miti ndio uliokuwa ramani. Tena mwamba haunywi mvua. Maji huuteremka na kujikusanya chini yake au katika vishimo vya juu, na mpagazi mwenye mzigo wa pembe begani aliyajua hayo kuliko bwana mwenye dira. Reli ya Wajerumani ilipofika Tabora mwaka 1912, Mgunda Mkali ukawa usingizi wa usiku mmoja, na mawe yale yakabaki bila wa kuyataja.

Honi ikapigwa. Nikarudi kwenye kiti.

Singida nilikuwa na mwenyeji, rafiki niliyesoma naye chuo, sasa ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya huko. Nyumba yake iko pembeni mwa mji, chini ya kilima cha majabali, na jioni ile mkewe alikuwa jikoni akikatakata vitunguu vya kutia kwenye kuku. Nilipomwuliza mwalimu mawe haya yamepandana vipi, nani aliyapanga, hakunijibu. Akaenda jikoni, akarudi na kitunguu.

"Hili ndilo somo langu la mwaka mzima," akasema, "na halihitaji maabara."

Haya mawe ni matale, graniti, akaniambia. Yalikuwa uji wa moto uliopoa polepole chini sana ardhini, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na ni sehemu ya kiini cha kale kabisa cha bara kilichobeba Tanzania ya kati, kutoka hapa hadi Mwanza. Yale ya Nevada ni watoto, mchanga wa enzi za dinosaria. Uji ulipopoa ulipasuka, nyufa za kusimama na nyufa za kulala, kama keki iliyokatwa vipande kabla ya kutolewa kwenye sufuria. Maji ya mvua yakaingia kwenye nyufa, na maji hula jiwe. Hula zaidi kwenye kona, kwa kuwa kona inashambuliwa pande tatu kwa pamoja. Kipande cha mraba kikapoteza kona zake, kikawa duara, huku kikivua maganda. Hapo mwalimu akamenya kitunguu: ganda, ganda, ganda. Unga uliotokana na maganda hayo ndio udongo wetu wa changarawe. Kisha mvua za maelfu ya miaka zikausomba udongo, yakabaki mabonge ya katikati, moja juu ya jingine, mahali palepale yalipozaliwa.

"Hakuna aliyeyapandisha," akasema. "Ardhi ndiyo iliyoshuka."

Mkewe akaja kudai kitunguu chake.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, tulipanda. Nilikuwa nimekuja na mashaka kuhusu rangi, kwa maana graniti kichwani mwangu ilikuwa kijivu tu, rangi ya jiwe la kaburi. Jua lilipotokeza mashaka yaliisha. Jiwe la Singida lina chembe za waridi ndani yake, madini ambayo mwalimu aliyaita feldispa, na mwanga wa asubuhi unapolipiga kwa upande kilima chote kinawaka kama samaki aliyepasuliwa. Katikati ya chembe hizo ulanga unametameta. Juu ya waridi hilo imepakwa michirizi myeusi, mirefu, kutoka kilele hadi chini, pale maji ya mvua yanapopitia kila mwaka na kuotesha viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Halafu kuna madoa: ya chungwa, ya njano mbichi, ya kijani kilichochuja kama shati la mgambo. Hayo ni viumbe vidogo, nusu kuvu nusu mwani, vinavyoishi juu ya jiwe kavu bila udongo. Doa lenye upana wa sahani huenda lina umri mkubwa kuliko babu yako. Nililigusa moja kwa ncha ya kidole, nikaona haya, nikatoa mkono.

Kulikuwa na rangi nyingine, weupe uliotiririka kutoka kwenye mwanya kama chokaa iliyomwagika. Nikauliza hilo ni madini gani.

"Mkojo," mwalimu akajibu.

Pimbi. Wana desturi ya kwenda haja mahali pamoja, kizazi baada ya kizazi, na mkojo ukikauka unaacha gamba jeupe na kahawia. Tulisubiri kidogo, wakatokea wanne, wakajilaza juani wakitutazama kwa dharau. Mtaani kwetu kumwita mtu pimbi ni ugomvi, lakini mnyama huyu ana ukoo wa kujivunia: wataalamu wa wanyama wanasema ndugu zake wa karibu waliobaki duniani ni tembo na nguva. Juu yao, mjusi mwenye kichwa chekundu alikuwa akifanya zile pushapu zake, mwili wa buluu, na nikawaza kwamba binamu yangu akitaka rangi, basi hiyo hapo, tena inapumua.

Mwanya mmoja tuliukwepa kwa mbali kwa sababu ya nyuki. Wanyaturu wana masimulizi ya mwanamke wao, Liti Kidanka, aliyepigana na Wajerumani kwa kuwatumia nyuki, na uwanja wa mpira wa mjini, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa una jina lake: Liti. Mwalimu alinisimulia hayo huku akirudi nyuma polepole, bila kuuondolea macho mwanya ule. Nami nilirudi nyuma vilevile.

Upande wa pili wa kilima tulisikia nyundo.

Kilima upande huo kilikuwa kimeliwa. Sina neno jingine. Palipokuwa na majabali pamebaki mashimo na vipande vyenye kingo kali, jiwe jipya, la waridi bichi kama nyama, halijapata doa hata moja. Wanawake watano au sita walikuwa wameketi kila mmoja chini ya kibanda chake cha viroba vilivyoshonwa, mbele yake rundo. Tulimwendea wa karibu, mama wa makamo, kanga kiunoni, nyingine kichwani, mkononi nyundo yenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kununua?"

"Hapana mama, tumekuja kutazama mawe."

"Kutazama." Akalirudia neno kama mtu anayepima kama ndoo imejaa. Kisha akasogeza kiroba ili tukae kivulini. "Haya, tazameni."

Akatuonyesha. Alikuwa na kitanzi alichokikata kwenye tairi. Kipande cha jiwe kinawekwa katikati ya kitanzi, nyundo inashuka, na mpira unazuia vipande visiruke. Jicho lake la kushoto lilikuwa na alama aliyoipata kabla hajajifunza kitanzi. Kokoto za nusu inchi zina rundo lake, za robo tatu zina lake, na vumbi linalobaki nalo lina mteja, mafundi wa matofali. Anauza kwa ndoo, mteja mkubwa akija na lori wanachanga pamoja. Aliponitajia bei nilipiga hesabu kimya kimya: ndoo mbili hazikufikia nilichomlipa kijana wa bodaboda jana yake, naye alikuwa amenionea huruma.

Kuvunja jabali lenyewe ni kazi ya vijana. Hawana baruti. Wanakusanya kuni, magogo, matairi mabovu, wanawasha moto juu ya jiwe jioni na kuuacha ule usiku kucha. Jiwe likipata joto ganda la juu linavimba, linaachana na la ndani, linapasuka. Kitunguu kilekile cha mwalimu, ila kinamenywa kwa usiku mmoja. Asubuhi wanakuja na mtaimbo na nyundo za kilo nyingi kubandua vipande.

Nikamwuliza mama, nikijua swali langu ni la mtu aliyekula chai: je, serikali ikisema kilima hiki kiwe hifadhi, wageni waje na kulipa?

"Watazungushia uzio?"

"Labda."

"Na mimi nitapondea wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwalimu naye, ambaye njia nzima alikuwa akilalamikia kilima kuliwa, akainama akaokota kokoto moja akaichunguza sana. Nyumba yake ya vyumba vitatu, msingi, jamvi na lenta, imesimama kwa zege la kokoto za hapahapa. Aliniambia hilo baadaye, tulipokuwa peke yetu. Na hapo ndipo ninapokwama hadi leo. Mawe ya Nevada yamewekewa askari wa hifadhi na onyo la kutochukua hata kijiwe. Kule Kondoa, jirani tu na hapa, miamba yenye michoro myekundu ya watu wa kale iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na ni sawa kabisa. Waisanzu wa Mkalama wana mapango yao ya matambiko ya mvua, ambako mawe yanalindwa na heshima bila waya. Lakini jabali la kawaida la Singida, lisilo na mchoro wala mzimu, zuri tu, linalindwa na nini? Ningependa yabaki machache karibu na mji, yachaguliwe mapema, kabla hayajachaguliwa na bei ya saruji. Hiyo ni rai yangu, na ninaitoa nikiwa nimelala kwenye nyumba ya zege.

Mama aliniomba nimtwike ndoo. Nilipoinyanyua nilihisi mgongo ukiniuliza maswali. Yeye akaondoka nayo amenyooka, akipita katikati ya mawe kama anayepita ukumbini kwake.

Jioni tulikwenda ziwani. Mji wa Singida umekaa baina ya maziwa mawili ya chumvi, Kindai na Singidani, na Singidani ndilo lenye majabali hadi majini. Ufukwe ulikuwa mweupe kwa magadi, unavunjika chini ya kiatu kama kaukau. Nilitarajia maji tu, nikawakuta heroe, mamia kwa macho yangu, wamesimama kwenye kina kifupi vichwa chini midomo juu, wakichuja chakula chao. Waridi la manyoya yao linatokana na wanachokula, mwani na vidudu vya maji ya chumvi. Akikosa chakula hicho heroe anachuja rangi. Jua lilipoinama, waridi la ndege na waridi la jiwe vikakaribiana hadi sikuweza kusema kwa mbali ni lipi litaruka. Wavuvi wawili walikuwa wakivuta mtumbwi wao juu ya changarawe. Mtoto mmoja alikuwa amepanda jabali refu kuliko yote na alikuwa akila muwa, akitema makapi ndani ya Urithi wa Hakuna Mtu.

Nilipiga picha arobaini. Nilimtumia binamu tatu: mjusi, heroe, na jabali moja la pembeni mwa kilima ambalo asubuhi lilinisimamisha, la duara karibu kamili, waridi upande wa jua, na madoa ya chungwa yaliyopangika kama ramani ya visiwa. Majibu yalikuja tukiwa tunakula. "Hii ni wapi? Kiingilio bei gani?" Nikamjibu ni kwetu, na kwamba kiingilio ni kumtwika mama ndoo. Akadhani natania.

Mlenda, ugali wa uwele, kuku aliyebaki jana. Baada ya chakula nilitoka nje kunawa, nikaona mwanga mwekundu juu ya kilima. Mwalimu akatoka na taulo, akasimama kando yangu.

"Ni upande ule tulipopanda?" nikauliza.

"Upande ule."

"Lile la duara?"

Akachelewa kujibu. "Nadhani ni la nyuma yake," akasema, "lakini sina uhakika."

Harufu ya tairi ilitufikia kwa upepo, ikapita. Nikaingia kulala. Dirisha la chumba cha wageni halikuwa na kioo, lilikuwa na wavu tu, na mnamo saa saba usiku nilisikia mlio, ta!, mkavu, kama ubao uliovunjwa gotini. Mbwa wakabweka, wakanyamaza. Nikangoja. Ukaja wa pili.